Kibarua wa Mlowo na Haki ya Fidia: Nani Analindwa na Sheria?

Mhadhara uliotolewa Mlowo, Wilaya ya Mbozi, mbele ya wafanyabiashara wa mazao, wasafirishaji, wenye mashine, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na wabeba mizigo

  

Nimekuja na swali moja. Mtu akiumia kazini hapa Mlowo, nani anastahili fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na nani hastahili? Sikukusudia kueleza sheria yote, maana ni ndefu na mwanasheria angehitaji juma zima. Nimekusudia kuonyesha mlango wake uko wapi na upana wake ni kiasi gani. Naona watu wengi hapa wamekaa nje ya mlango huo wakidhani umefungwa, kumbe hawajausukuma.

Swali hili nimelileta Mlowo kwa makusudi. Mahindi na maharage ya Mbozi yanapita hapa. Kahawa inapita hapa. Mpunga wa Kamsamba unapanda kwa barabara ya Momba na kushushwa hapa kabla ya kuingia barabara kuu ya kwenda Mbeya au Tunduma. Yote hayo hupita juu ya mabega ya watu, halafu ukiuliza mabega hayo ni ya mwajiri gani, kila mtu anamtazama mwenzake. Mwenye ghala anasema ni vijana wa dalali. Dalali anasema ni vijana wa mtaani. Mwenye lori anasema amewakuta hapo hapo. Siku gunia linapomwangukia mmoja wao, mchango unapitishwa kwa kofia, anapelekwa hospitali, na habari inaishia hapo.

Kwanza: Mfuko huu umetoka wapi

Nitapita hapa haraka. Wakati wa Waingereza, mwaka 1949, ilitungwa sheria ya fidia kwa watumishi wanaoumia kazini. Miaka kumi iliyoitangulia, vibarua wa bandari ya Dar es Salaam walikuwa wamegoma mara tatu, mwaka 1939, 1943 na 1947, na mgomo wa mwisho ukafuata reli hadi miji ya bara. Wengi wao walikuwa watu wa kutwa, wanaochukuliwa asubuhi na kuachwa jioni, kama ninyi vijana wabeba mizigo mliokaa nyuma. Nataka mlijue hilo. Katika nchi hii, madai ya haki za mfanyakazi hayakuanzia ofisini kwenye viti. Vibarua wabeba mizigo walikuwemo tangu mwanzo.

Sheria ile ya 1949 ilizeeka. Kiwango cha juu cha fidia kwa aliyepata ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, nacho kilibaki palepale huku shilingi ikiporomoka, mpaka mtu aliyepoteza mkono akawa analipwa fedha isiyotosha hata nauli za kufuatilia malipo yenyewe. Bunge likatunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008. Mfuko ulianza kazi Julai 2015, na mafao yakaanza kulipwa Julai 2016. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Mwajiri ndiye anayechangia, peke yake. Mwanzoni mwajiri binafsi alichangia asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, sawa na serikali inavyochangia kwa watumishi wake. Fanyeni hesabu nami. Mfanyakazi wa shilingi 300,000 kwa mwezi anachangiwa shilingi 1,500. Ukiwa na watu kumi wa namna hiyo, ni shilingi 15,000. Na kama kuna mwajiri humu anayemkata kibarua wake fedha hiyo, aache leo. Sheria inamkataza.

Pili: Nani ni mfanyakazi

Hapa nitakaa, kwa kuwa ugomvi wote uko hapa.

Watu wanaamini kwamba mfanyakazi ni yule mwenye barua ya ajira, namba ya NSSF na mshahara wa benki. Asiye na hivyo huitwa kibarua, na kibarua, wanaamini, hana lolote. Sheria haisemi hivyo. Mfanyakazi anayelindwa ni mtu aliye chini ya mkataba wa kumtumikia mwingine, uwe wa maandishi au wa mdomo, awe analipwa kwa muda au kwa kazi aliyoimaliza. Anayejifunza kazi chini ya mkataba wa uanagenzi amo. Kibarua anayeajiriwa kwa shughuli za biashara ya mwajiri naye amo. Kwa hiyo kijana anayelipwa kwa gunia hatoki nje ya sheria eti kwa sababu analipwa kwa gunia. Malipo kwa gunia ni namna ya kuhesabu ujira, hayabadilishi nani anamtumikia nani.

Lakini mwenye ghala atasema, "Huyu simjui, hana mkataba nami." Kwa jibu hilo tunayo sheria nyingine, Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Nawaomba mkiandike kiganjani. Kifungu hicho kinasema kwamba, kwa madhumuni ya sheria za kazi, anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mfanyakazi wake, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata moja kati ya dalili hizi ipo: namna ya kufanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa za kazi zinapangwa naye, mtu huyo ni sehemu ya shughuli ya taasisi, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa kipato, anapewa vitendea kazi naye, au anamfanyia kazi huyo peke yake.

Dalili moja inatosha. Mzigo wa kuthibitisha kinyume unamwangukia anayekana.

Tuipime kwa watu wa hapa. Mwendesha mashine ya kukoboa mahindi anafungua saa anayoambiwa, anatumia mashine ya mwenye kinu, na halipwi na mtu mwingine. Dalili zake hazipungui tatu. Mkanda wa mashine ukimshika mkono, hakuna wakili mwaminifu atakayesimama kusema huyu alikuwa mpita njia. Utingo wa lori, hata kama analipwa kwa tripu, anasafiri dereva anaposema, anafunga turubai la mwenye gari, analala chini ya gari la mwenye gari. Ni mfanyakazi. Akina mama wanaochambua kahawa kiwandani au maharage ghalani, wakilipwa kwa debe au kwa kilo, wanakaa mahali walipopangiwa na kuchambua kwa daraja walilopangiwa. Ni wafanyakazi.

Sasa mbebaji. Saa 45 kwa mwezi ni wastani wa saa moja na nusu kwa siku. Kijana anayepakia na kushusha kwenye ghala moja tangu mavuno yaanze, kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa moja nyingine jioni kila siku, miezi mitatu mfululizo, amefikisha mara mbili ya kipimo hicho. Mwenye ghala anaweza asijue jina lake la pili, lakini sheria inamchukulia kuwa ndiye mwajiri wake.

(Hapa sauti kutoka nyuma iliuliza: na kama leo nabeba kwa huyu, kesho kwa yule?) Swali lako ni zuri, mdogo wangu, tena ndilo gumu kuliko yote. Nitalirudia kabla sijakaa. Lishike.

Kwa dereva anayevuka Tunduma kuingia Nakonde kwa kazi ya mwajiri wa hapa, kuwa ng'ambo kwa muda hakumwondolei kinga yake ya Tanzania. Dereva wa kampuni ya Zambia anayeumia huku, huyo ana utaratibu wa kwao, wenye bodi yake ya fidia yenye makao makuu Ndola. Tukisaidiana barabarani tusichanganye makaratasi.

Tatu: Kuumia kwa sababu ya kazi

Kuwa mfanyakazi ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba ajali iwe imetokana na kazi na imetokea katika kazi. Mpakiaji akianguka kwenye ubao wa kupandia lori, hilo halina mjadala. Akigombana na shemeji yake kilabuni usiku, Mfuko hauhusiki. Katikati ya hayo yapo mambo yanayohitaji ushahidi, ndiyo maana nitasema juu ya ushahidi baadaye.

Anayeumia kwa kosa lake kubwa la makusudi, kwa mfano amelewa kazini, anaweza kukosa fidia. Hata hivyo, sheria ina huruma kwa waliobaki: kosa hilo likisababisha kifo au ulemavu mkubwa, haki haifutwi. Uzembe mdogo wa kawaida, kuteleza, kusahau, kuchoka, haumwondoi mtu. Nasisitiza hilo kwa sababu nasikia mara nyingi mwajiri akisema, "Ni uzembe wake," na mgonjwa mwenyewe akikubali kwa aibu. Asikubali upesi.

Kisha yapo magonjwa. Fidia haiko kwa ajali pekee. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzao wa Bergen, Norway, wamepima vumbi ndani ya viwanda vya kahawa vya Tanzania na kuchunguza vifua vya wanaofanya kazi humo. Wameonyesha kwamba vumbi la kahawa kavu linakwenda pamoja na kikohozi na matatizo ya kupumua. Mbozi ni wilaya ya kahawa. Mama aliyefanya kazi kiwandani misimu mingi na sasa anakohoa usiku anastahili kuulizwa na daktari: unafanya kazi gani? Kwa kawaida anaulizwa kama ametumia dawa za kifua kikuu. Kule Wilaya ya Songwe, kwenye karasha za kusaga mawe ya dhahabu, vumbi la mawe ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu linatia kovu mapafu na kovu hilo haliponi.

Niseme na hili la lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ingawa mwenyekiti anatazama saa. Vipimo vyetu vinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na tumezoea kulijadili jambo hili kama wizi anaofanyiwa mkulima. Ni wizi kweli. Lakini juu ya lumbesa kuna shingo ya mtu. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo ambao mwanamume mzima abebe kwa mwili wake. Gunia letu halali linakaribia mara mbili ya hapo. Lumbesa inapita hata hilo. Uti wa mgongo unaoharibika polepole kwa miaka kumi hauna siku ya ajali ya kuandika kwenye fomu, na ndiyo sababu naliona hili kuwa dhuluma iliyo ngumu kuliko zote kulipwa. Dawa yake ni kuizuia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri amlinde mtu kabla hajaumia.

Nne: Anachopata

Kwa ufupi, mafao ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo kwa ajili ya mtu wa kumhudumia asiyejiweza, utengamao, yaani kumrudisha mtu katika kazi na maisha, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi.

Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Wa shilingi 300,000 anapata 210,000 akiwa kitandani. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi akifariki, mjane au mgane hupata asilimia 40 ya pensheni, na mtoto asilimia 20.

Mnaona kwa nini jambo hili linahitaji mshahara uliorekodiwa. Mfuko hauwezi kukokotoa asilimia 70 ya fedha ambayo hakuna aliyeiandika. Mwajiri anayepeleka majina ya watu wawili wakati ana watu kumi na wawili, au anayeandika nusu ya ujira ili apunguze mchango, anaokoa shilingi elfu chache kwa mwezi na kuharibu pensheni ya watoto wa mtu.

Tano: Waliobaki nje

Sitaki mtu aondoke hapa na tumaini la uongo. Mwendesha bodaboda mwenye pikipiki yake si mfanyakazi wa mtu. Mkulima anayejikata jembe shambani kwake hayumo. Mama lishe hayumo. Wachimbaji wadogo wanaogawana mifuko ya mawe kwa makubaliano ya wabia huenda hawamo, ingawa yule anayeshushwa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, la mwenye leseni kwa amri na ujira wa kila siku namwona kuwa mfanyakazi, na kesi yake ingefaa kusikilizwa.

Sasa, mdogo wangu wa swali lako. Anayebeba leo kwa huyu na kesho kwa yule, bila kufikisha saa 45 kwa yeyote, bila kupangiwa na yeyote, anaangukia kwenye ufa. Sheria iliandikwa kwa mtu mwenye mwajiri mmoja. Soko la mazao linatumia watu wenye waajiri ishirini.

Njia ninayoiona ni ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika, Namba 6 ya mwaka 2013, haikuwekwa kwa wakulima peke yao. Wabebaji wa Mlowo wana makundi tayari, yana viongozi, yana zamu, yanajua nani kashusha lori lipi. Kundi likisajiliwa kuwa chama, chama kikawaajiri wanachama wake kwa mikataba, kikatoza mfanyabiashara bei moja kwa gunia na kutoa humo mchango wa Mfuko, basi mwajiri amepatikana na ana jina. Mfanyabiashara atauliza nani atabeba gharama. Nimekwisha kuonyesha gharama: nusu shilingi katika kila shilingi mia ya ujira. Itawekwa kwenye bei ya kupakia na haitaonekana.

Lakini ushirika usiwe kisingizio cha serikali kutulia. Wakenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, wamemlazimu mwajiri kununua bima kwenye kampuni binafsi; sisi tumechagua mfuko wa umma, na nadhani tumechagua vizuri, kwa sababu mfuko wa umma hautafuti faida juu ya mkono uliokatika. Mfuko wa umma una wajibu wa kuwafuata watu walipo, na watu wa Tanzania wengi wako nje ya ajira rasmi. Ningependa Bunge lifungue mlango wa mtu aliyejiajiri kuchangia mwenyewe na kupata kinga. Halmashauri zinakusanya ushuru wa mazao kwa kila gunia, kwa hiyo njia ya kukusanya tunayo.

Sita: Siku ajali inapotokea

Haki hupotea zaidi kwa siku kupita kuliko inavyopotea kwa hukumu. Mfanyakazi amjulishe mwajiri mara moja. Mwajiri amjulishe Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari. Madai yawe yamefika ndani ya miezi 12. Ajali ikiwa ya barabarani, fomu ya polisi ya PF3 na taarifa ya polisi zitunzwe. Hospitalini, sema waziwazi kwamba umeumia kazini na hakikisha daktari ameandika hivyo. Nimeona karatasi ikiandikwa "ameanguka" tu, na neno hilo moja likamgharimu mtu miezi ya kuhangaika.

Mwajiri akikana, nendeni kwa Afisa Kazi wa mkoa, hapo Vwawa, au kwa Mfuko wenyewe. Mgogoro kuhusu ajira upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kusanyeni ushahidi mdogo mdogo: risiti za mzani, ujumbe wa malipo kwenye simu, majina ya wenzako wa zamu. Fedha iliyotumwa kwa simu kila jioni na mtu yuleyule kwa miezi mitatu ni mkataba tosha kwa mwenye macho.

Ndugu Mwenyekiti, nafunga. Msimu ujao utaanza na mahindi mabichi, kisha makavu, kisha kahawa, na malori yatapanga foleni kutoka hapa hadi mzani. Nawaomba wenye maghala na mashine waliomo humu, kabla lori la kwanza halijapakiwa, wanunue daftari moja la kurasa mia, waandike jina la kila anayewafanyia kazi, siku aliyoanza, na anacholipwa kila jioni, kisha wajisajili na kuyawasilisha majina hayo yote kwenye Mfuko. Nawaomba viongozi wa makundi ya wabebaji wakutane na Afisa Ushirika wa wilaya juma hili, wakiwa na orodha ya watu wao mkononi. Na Mheshimiwa Diwani, nakuomba ombi la waliojiajiri liingie kwenye kikao kijacho cha Baraza la Halmashauri, liandikwe kwenye muhtasari, na mbunge apelekewe nakala.

 Niko tayari kwa maswali, na nitaanza na waliokaa nyuma.